Kushoto Juu ya Kulia

Kijana alisimama mlangoni mwa kibanda changu, akaitazama nguo niliyokuwa nimeivisha sanamu ya dukani, akasema kwa adabu zote: "Anti, pole sana, lakini hii umeifunga ya maiti."

Ilikuwa Ijumaa jioni, soko la Kibuye linafungwa, wauza mitumba wanakunja maturubai yao. Nguo yenyewe ilikuwa imenila siku mbili, kitambaa cha buluu chenye utepe mweupe pindoni. Nilimwangalia yule kijana nikitaka kumuuliza kwao ni wapi.

Lakini nianze mwanzo, maana wanaonisoma hapa wamezoea niandike juu ya marinda, bei ya bitana, na wateja wanaolipa nusu kisha wakabadilisha njia ya kupita. Juu ya katuni sijawahi kuandika.

Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, anasoma chuo hapa Kisumu. Alikuja na simu mkononi. "Waya," akaniita, maana kwetu Waluo shangazi wa upande wa baba ndiye waya, "nataka unishonee nguo ya Katara." Nikamuuliza Katara ni nani na anakaa wapi. Nilidhani ni rafiki yake amevaa nguo nzuri kwenye harusi ya mtu.

Kumbe Katara ni msichana wa katuni. Kulikuwa na tamasha Nairobi ambako vijana huvaa kama wahusika wa katuni wanazozipenda, na yeye na wenzake wawili walikuwa wamepanga kwenda: yeye awe Katara, mwenzake wa chumbani awe Toph, na kijana mmoja kutoka Kakamega awe Aang. Wote watatu wametoka katika katuni moja, Avatar: The Last Airbender, iliyoanza kuonyeshwa Marekani kwenye kituo cha Nickelodeon Februari 2005 na kuisha Julai 2008. Vipindi 61. Nilianza kutazama kwa ajili ya kuona kola, nikajikuta natazama mpaka saa saba za usiku kwa ajili ya mzee Iroh na chai yake. (Hawa watoto humwita Iroh "mjomba." Ni kaka mkubwa wa baba yake Zuko, mwana wa mfalme wa Moto. Huyo ni baba mkubwa, jamani. Mjomba ni wa kwa mama.)

Kwa asiyeijua: ni dunia yenye mataifa manne, la Maji, la Ardhi, la Moto na la Hewa, na katika kila taifa wapo watu wenye kipaji cha kuongoza kitu hicho kwa mikono. Taifa la Moto limewavamia wengine na vita vina miaka mia. Aang, mvulana wa mwisho wa watu wa Hewa, anapatikana ameganda ndani ya barafu. Waliobuni hadithi, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ni Wamarekani, lakini mataifa yao waliyakata kutoka kwenye vitambaa vya Asia na vya watu wa barafu ya kaskazini. Hayo unaweza kuyasoma popote. Fundi ana njia yake nyingine ya kuyajua. Ukisimamisha picha, ukaikuza, ukatazama nguo imeungwa wapi na inafungukia wapi, unaanza kuona ni kwa nani walikopa, na mahali walipounga nguo za watu wawili wasiofahamiana.

Chukua Katara. Watu wa Maji wanaishi kwenye barafu, wana mitumbwi, nyumba za theluji, na majaketi mazito yenye manyoya kofiani. Hapo hakuna wa kubisha, ni Wainuiti na jirani zao Wayupiki, watu wa Alaska, kaskazini ya Kanada na Greenland. Nilisoma kuhusu ushonaji wao nikasahau wali jikoni. Wanawake wa Kiinuiti walishona ngozi ya sili kwa uzi wa kano za mnyama, na kwenye mshono wa kuzuia maji sindano haitoboi ngozi mpaka ng'ambo. Inapita katikati ya unene wa ngozi na kurudi. Uzi ukilowa unavimba na kuziba tundu lake wenyewe. Majaketi ya baridi kali waliyashona kwa ngozi ya caribou, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye jina kama anapokea wageni, na unywele wake una uwazi ndani unaoshika hewa na kuzuia baridi. Kuna jaketi la akina mama, amauti, lenye mfuko mgongoni wa kumbebea mtoto ndani ya joto la mama. Nikaangalia leso yangu iliyoning'inia msumarini, nikaona tumefikiri jambo moja, sisi na wao, kila mmoja na hali ya hewa yake.

Sasa, mtu wa baridi kali hataki nguo inayofunguka mbele. Upepo utaingia. Ndiyo maana jaketi la asili la Kiinuiti huvaliwa kwa kupitisha kichwani. Lakini ndani ya jaketi lake, Katara amevaa kanzu fupi ya buluu inayofungwa kwa kupishanisha pande mbili kifuani, kisha mkanda kiunoni. Huo ni mkato wa Uchina, Korea na Japani. Kwa hiyo binti ni Mwinuiti kwa nje, na ukimvua jaketi unamkuta Asia ya Mashariki. Sisemi ni kosa. Nasema mshono unaonekana, ukijua pa kutazama.

Na hapo kwenye kupishanisha ndipo nilipoharibu.

Mimi ni fundi wa nguo za wanawake kwa miaka ishirini na tatu. Blauzi ya mwanamke, tangu Wazungu walete vifungo, upande wa kulia hulala juu ya wa kushoto. Shati la mwanamume ni kinyume chake. Mkono wangu haufikirii tena jambo hilo, kama vile usivyofikiria ufunguo unazungukia wapi. Nikakata, nikashona, nikafunga: kulia juu.

Yule kijana wa Kakamega, aliyekuja kupimwa nguo za Aang, hucheza karate. Akanieleza kwamba mwalimu wao huwakemea kwa jambo hilo hilo. Katika karate, awe mvulana au msichana, upande wa kushoto ndio unaolala juu, maana Japani kimono ikifungwa kulia juu ya kushoto ni ya kumvisha marehemu kabla ya mazishi. Nikachukua simu, nikafungua kipindi, nikasimamisha kwa Katara. Kushoto juu. Nikatafuta picha za hanbok, vazi la asili la Korea. Kushoto juu. Nguo za kale za Wachina wa Han, kushoto juu, na huko nako kinyume chake kilikuwa cha wafu au cha watu wa nje.

Nilikaa chini. Niwaambie kwa nini iliniingia hivyo. Fundi yeyote wa upande huu wa nchi anajua kwamba kazi ya matanga haikosi. Nimeshona sare za wafiwa nyingi kuliko za harusi, na nimeshona pia nguo za marehemu wenyewe. Hizo huachwa wazi mgongoni, kwa sababu mikono iliyokwisha kukauka haipiti kwenye mikono ya nguo. Kwa mbele gauni linaonekana zima, nyuma halina mshono. Leo ukiniletea gauni la namna hiyo kwenye duka la nguo za sherehe, hata usiku nitalitambua kwa kulipapasa. Sasa nikafikiria mtu wa Osaka au Seoul akipita pale Nairobi, amwone mwana wa kaka yangu anacheka na kupiga picha ndani ya ile kitu niliyoshona.

Nikaifumua usiku huo huo. Kufumua ni kazi ndefu kuliko kushona, na utepe mweupe haukukubali kurudi vizuri, ikabidi Jumamosi nitafute mwingine.

Katuni yenyewe haikufanya kosa langu, na sababu moja naijua. Waliohuisha michoro hiyo walikuwa studio za Korea Kusini, JM Animation na DR Movie zikiwemo. Mtu aliyekuzwa na bibi anayemfunga hanbok siku ya sherehe hahitaji kufundishwa upande upi unalala juu. Katika msimu wa pili kuna binti mkarimu anaitwa Song, anayewapokea Zuko na Iroh nyumbani kwao wakiwa wakimbizi. Nguo yake ni hanbok bila kuficha, blauzi fupi na sketi inayoanzia juu kifuani. Mkono ulioichora ulikuwa nyumbani. Na hata maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye mabango na barua waliajiri mtu wa kuyaandika, mtaalamu wa hati, Siu-Leung Lee. Wangeweza kuchora mikwaruzo tu, na watoto wa Kisumu tusingejua.

Nguo za Toph, binti wa taifa la Ardhi, zilinipasukia, na hapa sitanii. Ukijenga taifa juu ya Uchina, huchukui paa na kofia peke yake. Katuni hii kila taifa ililigawia mchezo wake halisi wa kupigana, chini ya uangalizi wa mwalimu Sifu Kisu: Maji walipewa Tai Chi, Ardhi wakapewa Hung Gar, Moto wakapewa Shaolin ya Kaskazini, Hewa wakapewa Baguazhang ile ya kuzunguka zunguka. Toph peke yake alipewa mtindo mwingine, wa vunjajungu wa kusini, kwa sababu ni kipofu na alijifunza ardhi kwa njia yake. Yote haya niliyajua baadaye. Nilichokijua mapema ni kwamba mwenzake mpwa wangu alivaa suruali niliyomshonea, akapanua miguu na kuchuchumaa kama amepanda punda, na mshono wa katikati ukatoa sauti iliyosikika mpaka kwa muuza omena.

Suruali ya mtu anayepigana hivyo inatakiwa iwe na kipande cha pembe nne katikati ya miguu. Nilikiweka. Ndipo nikaelewa kwa nini wale wachoraji walivalisha watu wa Ardhi nguo pana vile. Miguu ilikuja kwanza, nguo ikaifuata.

Taifa la Ardhi ndilo kubwa na ndilo lenye mambo mazito. Mji wake mkuu, Ba Sing Se, una kuta juu ya kuta, na jumba la mfalme ni kama lile la Beijing walilokaa wafalme wa Ming na Qing. Askari wake wa siri wanaitwa Dai Li. Nilidhani ni jina la kubuni. Ni jina la mtu. Dai Li alikuwa mkuu wa ujasusi wa serikali ya Chiang Kai-shek huko Uchina, akafa kwenye ajali ya ndege mwaka 1946. Na wale Dai Li wa katuni wanachunga watu chini ya ziwa linaloitwa Laogai, ambalo kwa Kichina ni jina la kambi za kufungwa na kufanyishwa kazi. Watoto wa miaka kumi walikuwa wanatazama hayo wakila nafaka zao za asubuhi. Hata nywele zina habari: wale askari wana mkia wa nywele uliosukwa mgongoni, paji la uso limenyolewa, na huo ndio mtindo ambao watawala Wamanchu waliwalazimisha wanaume wa Kichina kuanzia 1645. Kukataa kunyoa kulikuwa kosa la kukatwa kichwa. Mchoraji akimpa askari wa siri nywele hizo, amekwisha kukuambia mengi kabla hajafungua mdomo.

Moto nitaupitia haraka, kwa kuwa hakuna aliyetaka nguo za Moto na mimi chuma sishoni. Visiwa, viwanda, meli za chuma zinazotema masizi juu ya theluji ya wenzao, mfalme asiyehojiwa: wengi huona Japani ya enzi za kuteka nchi za jirani, ingawa ukitazama mabega yaliyochongoka na mapaa unaona na nchi nyingine za Asia humo ndani. Pambano lao la watu wawili linaitwa Agni Kai, na Agni ni mungu wa moto wa Wahindu. Kitu kimoja tu kilinigusa, pale Zuko na Iroh wanapokata vishungi vyao kwa kisu na kuviachia mto uvibebe. Japani, mwaka 1871, serikali mpya iliwaruhusu wanaume kuachana na kishungi na upanga. Sijui kama waandishi waliliwaza hilo. Kinyozi yeyote angelielewa.

Kwa Aang nilikuwa na hofu, kwa sababu nguo yake inaonekana rahisi, na nguo rahisi ndiyo inayomwaibisha fundi. Watu wa Hewa ni watawa wa milimani, wenye vichwa vilivyonyolewa, na kila mtu anasema Tibet. Ni kweli. Mlezi wa Aang anaitwa Gyatso, na hilo ni jina analolibeba Dalai Lama wa sasa, kiongozi wa dini wa Watibeti, Tenzin Gyatso. Aang mwenyewe alijulikana kuwa ndiye Avatar, mteule wa kuongoza vitu vyote vinne, kwa kuchagua, kati ya vitu vingi vya kuchezea, vile vinne vya wateule waliomtangulia, na watoto wanaosadikiwa kuwa Dalai Lama mpya hupimwa kwa kuwekewa vitu vya yule aliyefariki vikiwa vimechanganywa na vingine. Lakini rangi? Watawa wa Tibet huvaa nyekundu iliyoiva, ya damu ya mzee. Njano na chungwa ya Aang iko zaidi kwa watawa wa Thailand na Sri Lanka, na wa Shaolin. Hapo pana mshono mwingine.

Katika kutafuta namna ya kukata hiyo nguo nilikuta jambo ambalo limekataa kunitoka kichwani. Joho la mtawa wa Kibuda, kwa desturi, halikatwi kwenye kitambaa kizima. Linaungwa vipande vipande, asili yake matambara yaliyotupwa, na vipande hupangwa kwa mistari mirefu na mifupi. Mapokeo yanasema Buda aliyatazama mashamba ya mpunga ya Magadha, kule India, na matuta yake ya kugawanya maji, akamwambia mwanafunzi wake Ananda amshonee nguo ya namna hiyo.

Mimi napita Ahero kila nikienda nyumbani. Nimeyaona majaruba ya mpunga tangu utoto, matuta yakikatana, maji yanang'aa kati yake, korongo weupe wamesimama. Haikunijia hata siku moja kwamba ni patani ya nguo. Jumapili ile matatu ilipopunguza mwendo pale kwa wauza mchele nilitoa daftari nikachora. Joho la yule kijana nililiunga vipande kumi na tano, ingawa la Aang kwenye katuni ni kitambaa kimoja tu. Hakulalamika. Labda hakuona.

Mpwa wangu aliniuliza kama haya yote ni wizi. Siku hizi vijana huuliza hivyo kuhusu kila kitu, na si vibaya waulize. Nilimwonyesha kitenge nilichokuwa nakikata. Kila mgeni akitaka "nguo ya Kiafrika" huletwa kwangu achague kitenge. Lakini patani ile ya nta ilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Java kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ya Helmond ilianzishwa mwaka 1846. Neno leso nalo ni la Mreno. Mimi mshona viraka siwezi kumshika mtu shati kwa kuunga.

Kinachonisumbua ni kingine, na nitakisema kwa kisa. Miaka kadhaa iliyopita chama chetu cha akina mama kilikodi basi, tukaenda Hell's Gate, kule Naivasha, kaunti ya Nakuru. Majabali mekundu, mvuke unatoka ardhini, pundamilia wanapita karibu na baiskeli za wageni. Mwongoza watalii akatusimamisha na kutueleza kwa fahari kwamba wachoraji wa The Lion King walifika pale kutazama majabali kabla ya kuchora filamu yao ya 1994. Ni kweli walikuja Kenya, na Hell's Gate walifika. Sisi tukapiga picha. Taifa la kubuni ambalo msingi wake ni sisi, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja! Majina wakayachukua kwenye Kiswahili: Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na fisi mmoja akaitwa Shenzi, ambalo mimi nikiwa mdogo ningechapwa kwa kulitamka.

Sawa. Lakini mwaka 2003 kampuni ya Disney, wenye filamu hiyo, ilisajiliwa Marekani kama mmiliki wa alama ya biashara ya maneno Hakuna Matata, na usajili huo ulihusu nguo. Fulana. Watu wengi walikuja kulijua mwaka 2018 tu, Mzimbabwe mmoja alipoanzisha ombi la kulipinga. Haimzuii mtu kuyasema maneno hayo barabarani, wanasheria walieleza. Ila mimi siuzi maneno ya barabarani, nauza nguo.

Na kuna njia nyingine, imeonekana. Filamu ya kwanza ya Frozen, 2013, ilivalisha na kuimbisha wahusika mambo ya Wasami, wafugaji wa kaskazini ya Norway, Sweden na Finland, na Wasami wengi wakauliza mbona hatukuulizwa. Ya pili ilipotengenezwa, 2019, kampuni hiyo hiyo iliweka mkataba na viongozi wa Wasami, ambao wana mabunge yao, wakawa na kamati ya kushauri, na filamu ikatolewa pia kwa lugha ya Kisami cha Kaskazini. Sisi majabali yetu hayana bunge, labda ndiyo shida.

Mwaka 2023 ilitoka Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi kumi za wahuishaji wa Afrika, na moja, Enkai, ni ya Mkenya mwenzetu Ng'endo Mukii. Enkai ndiye Mungu kwa Wamaasai. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu ile ile. Tangu siku hiyo hakuacha kuchora. Ana daftari la hesabu ambalo halina hesabu hata moja, limejaa taifa lake mwenyewe, Taifa la Ziwa.

Wiki iliyopita tulikwenda Kendu Bay kwa mama yangu, ambaye mpwa wangu humwita Dani, yaani bibi. Nguo zilikuwa zimekwisha kwenda Nairobi na kurudi salama, ile ya buluu na doa la soda. Mama alikuwa ametoka kuanua omena. Mpwa wangu akamwonyesha Toph kwenye simu, yule kipofu anayeona kwa nyayo na kugeuza mawe. Mama akatazama dakika nzima, akasema, "Huyu ni wa kwa Lwanda Magere." Akaanza kusimulia, kama vile hatujawahi kusikia: shujaa wa Waluo wa Kano mwenye mwili wa jiwe, mikuki ikimgonga inarudi, mpaka maadui walipompa binti yao amwoe, na binti akagundua kwamba damu ya mumewe iko kwenye kivuli. Mpwa wangu akaandika haraka haraka. Akaandika pia Simbi Nyaima, ziwa dogo hapo karibu ambapo kijiji kizima kilizama usiku kwa kumfukuza bibi mzee kwenye sherehe. Kuhusu kuta, tayari alikuwa na Thimlich Ohinga, kule Migori, mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yapata karne ya 16, mengine yanafika mita 4.5 kwenda juu, na tangu 2018 yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ba Sing Se ya kwao, alisema.

Tatizo lilikuwa nguo. Ngozi, shanga, manyoya ya mbuni kichwani, hayo tumeyaona kwenye picha za zamani. Namna ya kukata, hakuna. Mimi fundi wa miaka ishirini na tatu nilijua nyuzi za kano za Wainuiti kabla ya kujua nyanya yangu alivaa nini. Mama akatueleza chieno, ule mkia wa nyuzi zilizosokotwa unaoning'inia nyuma kiunoni. Mama yake alikuwa nao, aliuweka kwenye chungu kikavu. Nikamuuliza nyuzi zilisokotwa za mikono miwili au kwenye paja. Kwenye paja, akasema, akanionyesha kwa utembo wa mgomba, paja lake lenyewe limekonda siku hizi.

Mpwa wangu akachora pale pale. Alipomaliza akamletea Dani daftari: msichana amesimama kwenye ukuta wa mawe, mkuki mkononi, ziwa nyuma yake, na chieno kinapepea kama bendera. Kwa kweli ulikuwa mchoro mzuri. Mama akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu.

"Huyu ameolewa na nani?"

"Hajaolewa, Dani. Ana miaka kumi na minne."

"Basi mvue. Chieno ni cha mke wa mtu."

Mpwa wangu akanitazama. Mimi nikatazama omena. Akaanza kupekua mkoba wake akitafuta kifutio.